TANGA LA MBELE: KULIKATA AO KUNUNUA JIPYA?



Tangu juma lililopita, kila bweni lina habari moja tu: tanga la mbele la boti yetu. Wote mnajua, ile boti ndiyo inatuletea kuni na unga wa muhogo kutoka Ubwari. Wakubwa wa shule wametuuliza maoni. Wengi wamejibu: fundi alikate upya, pesa itakayobaki inunue mipira. Sisi wa mwaka wa sita tulisema vile vile mwanzoni. Leo tumegeuka, na sababu ni hizi.

Kukata upya si kazi mbaya. Tanga likitumika miaka mingi linavutika, tumbo lake linakuwa kubwa na kurudi nyuma. Hapo boti inalala upande na kusukumwa kando, pahali pa kwenda mbele. Fundi akifungua mishono, akaondoa nguo iliyozidi na kushona tena, boti inashika njia yake. Lakini hiyo ni dawa ya umbo, si dawa ya nguo. Nguo ikioza, makasi hayairudishii nguvu.

Basi Jumamosi tulitandaza tanga kiwanjani, tukalijaribu. Tulichoma sindano karibu na ukingo, tukavuta polepole: tundu likapasuka mpaka kidole kikaingia. Uzi wa mishono ulikatika kwa ukucha. Pale lilipokunjwa na maji, kuna madoa meusi ya ukungu. Katikati tu ndiyo iko bado nzima. Fundi atashona wapi? Sote tumesoma katika Marko 2 habari ya kiraka kipya na vazi kuukuu.

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina mahali panapopita metre 1.400 kwenda chini. Tanga la mbele likipasuka njiani, lile kubwa peke yake linageuza pua ya boti kwenye upepo, na mshika usukani anabaki kupigana nalo. Na wanafunzi wa zamu wako ndani.

Wa zamu ni nani? Sisi tutafanya mtihani wa Serikali, kisha tunakwenda zetu. Watakaobaki ndani ya boti ni ninyi wadogo zetu wa mwaka wa tatu na wa nne. Si haki sisi tuchague bei rahisi, na hatari iwe yenu.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe na Bwana Ekonomo: tanga jipya, mipira ingoje. Sisi wenyewe tutachanga, kila darasa kwa nguvu yake. Na likifika tulitunze: lisikunjwe na maji, lisiachwe juani bure.

Afadhali kununua tanga moja leo kuliko kukaa matanga kesho.

Sisi wa mwaka wa sita