Saratani ya Matiti: Kipimo cha Protini Kitangulie Dawa

Na Mwandishi Wetu

Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonesha kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania, saratani hiyo ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi. Katika zama hizi za Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Mwaka 2023, ni vyema wananchi wakafahamu kwa nini wagonjwa wawili wenye uvimbe unaofanana huandikiwa dawa tofauti.

Jibu lipo kwenye utando wa seli. Kwa kawaida, seli iliyoharibika hujiua yenyewe ili kuulinda mwili. Juu ya utando wake zipo protini zinazopokea taarifa kutoka nje na kuzipeleka ndani. Mojawapo ni HER2, ambayo huhimiza seli kukua. Katika takribani asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, protini hiyo huzalishwa kupita kiasi. Amri ya kukua hutolewa bila kukoma na ile ya kufa huzimwa. Seli mbovu huendelea kuishi na kugawanyika.

Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hujishikiza kwenye HER2, huzuia amri hizo na kuziita seli za kinga zishambulie uvimbe. WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Hata hivyo, mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna HER2 kwa wingi hanufaiki nayo. Hubaki na gharama pamoja na hatari ya madhara ya moyo. Kipimo cha maabara cha sampuli ya uvimbe ndicho huamua. Kitita cha mafao kikilipia dawa pasipo kipimo, fedha zitatumika kwa kubahatisha. Kikilipia kipimo pasipo dawa, mgonjwa atapata jibu lisilo na tiba. Viwili hivyo havitenganishwi.

WHO inazitaka nchi zikamilishe uchunguzi ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwa upande wao, wananchi wanahimizwa kuwahi kituo cha afya waonapo uvimbe au mabadiliko ya titi, na aliyethibitika kuugua amuulize daktari wake: je, uvimbe wangu umepimwa HER2?