Karata Nzuri Zisibaniwe Dau

Kwenye meza za poka za madau ya chini mjini Las Vegas, zile za Texas Hold'em ambapo madau ya lazima ni dola 1 na dola 3, kuna ushauri ambao kila mgeni hupewa mapema: ukishika karata kali, weka dau dogo, usije ukawafukuza wenzako. Wanaoufuata hujiona wajanja. Ushauri huo ni mbovu, na unawanyima fedha wachezaji wengi wenye bidii ambao tayari wamefanya kazi ngumu ya kusubiri karata nzuri kwa saa nzima.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Mchezaji ana tisa mbili mkononi na amebaki na mpinzani mmoja. Kitita kilicho katikati ya meza ni dola 30, na kila mmoja ana zaidi ya dola 250 mbele yake. Karata tatu za kwanza za mezani zinafunuliwa: ree, tisa na nne. Sasa ana tisa tatu, naye mpinzani ana ree mkononi na anaamini anaongoza. Mwenye tisa akiweka theluthi ya kitita katika kila raundi, madau yatakuwa dola 10, kisha 17, kisha 28. Mpinzani akilipa yote, ametoa dola 55. Mwenye tisa akiweka takriban robo tatu ya kitita, madau yatakuwa dola 22, 55 na 138, jumla dola 215.

Tofauti hiyo kubwa inatokana na jinsi kitita kinavyokua. Kila dau hupimwa kwa kitita kilichoachwa na raundi iliyotangulia, kwa hiyo dola 12 zilizobaniwa mwanzoni hugeuka kuwa zaidi ya dola 100 zilizokosekana mwishoni.

Mtetezi wa dau dogo atasema dola 215 ni za ndotoni, kwa kuwa mpinzani atatupa karata zake mapema. Na atupe. Hata akifika mwisho mara 1 tu kati ya 3, wastani wake ni kama dola 72, nazo zinazidi zile 55 ambazo zimehesabiwa kana kwamba dau dogo hulipwa kila mara. Hapo hazijajumlishwa fedha anazoacha njiani kabla ya kukata tamaa.

Isitoshe, mara nyingi hatupi. Mchezaji wa kawaida wa meza hizi yuko likizo au ametoka kazini, na amekuja kucheza, si kukaa akitazama. Anapoamua, huangalia alichoshika kabla ya kuangalia bei. Akiwa na ree, atalipa dola 22 kwa moyo uleule ambao angelipa 10. Akiwa hana kitu, hata zile 10 atazikataa. Anayemuuzia kwa bei ya chini mnunuzi asiyeuliza bei hapati shukrani wala faida.

Kubania kuna hasara nyingine, nayo huwaumiza hasa wanaolalamika kuwa "wabovu wana bahati". Karata tatu za mezani zikiwa na kopa mbili, na mpinzani akiwa na kopa mbili mkononi, zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 asizoziona. Uwezekano wa karata inayofuata kuwa kopa ni takriban asilimia 19. Akidaiwa dola 10 kwenye kitita cha dola 30, anahitaji uwezekano wa asilimia 20 ili asipate hasara, na pengo hilo dogo atalifidia kwa fedha atakazokusanya kopa ikitoka. Amepewa tiketi ya bei nafuu na mtu yuleyule atakayemlaumu baadaye. Akidaiwa dola 22, anahitaji karibu asilimia 30. Hapo anapofukuzia kopa mara nyingi analipa zaidi ya thamani ya anachokitafuta. Bado atazipata mara moja moja, lakini bahati hiyo ameinunua ghali.

Kasino nayo ina mkono wake. Nyingi nchini Marekani hukata asilimia 10 ya kitita hadi kikomo cha dola chache. Kikomo kikiwa dola 5, kitita cha dola 30 hukatwa asilimia 10 kamili, lakini kitita cha dola 460 hukatwa kama asilimia 1 tu. Mchezaji anayeshinda vitita vidogo usiku kucha huilipa kasino sehemu kubwa ya jasho lake.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu hasara yake haionekani. Dau kubwa likimfanya mpinzani atupe karata, mwenye tisa tatu huumia papo hapo na kulisimulia tukio hilo wiki nzima. Dau dogo likilipwa, huvuta chipu zake kwa furaha, na hakuna anayemwonyesha dola 160 zilizobaki mfukoni mwa mwenzake. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Kitita kilichoponyoka huhesabiwa kama hasara. Fedha ambazo hazikudaiwa hazihesabiwi kabisa.

Mwaka 2017, Libratus, programu ya kompyuta ya kucheza poka kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika michezo 120,000. Silaha yake mojawapo ilikuwa dau linalozidi kitita chenyewe, ukubwa ambao binadamu waliuogopa kwa mazoea. Ilicheza na mtu mmoja mmoja, mbali sana na meza ya watu tisa, lakini ilithibitisha kwamba vipimo walivyozoea wachezaji havikutoka kwenye hesabu.

Hoja hii haimruhusu mtu kumwaga chipu ovyo. Mwenye karata za wastani anafaa kuweka dau dogo au kupisha, maana dau kubwa litalipwa na waliomzidi tu. Kumtishia kwa dau kubwa mtu anayelipa kila kitu ni upotevu. Na mchezaji mpole, aliyekuwa akilipa tu tangu mwanzo, akipandisha dau ghafla kwenye karata ya tano ya mezani, mara nyingi sana ana kitu kikubwa. Hapo hata ree mbili nzuri zinapaswa kutupwa.

Anayeshikilia imani ya zamani anaweza kuipima mwenyewe. Aandike kila mchezo ambao dau lake la mwisho lililipwa, kiasi alichodai, na muda ambao mpinzani alitumia kuamua. Akikuta wengi walilipa bila kusita, basi dau linalofuata aliongeze kwa nusu, na aendelee kuongeza mpaka waanze kufikiri.