Sheng Yetu Ni Uhuni Mpaka Msimu wa Kura

Wasee, leo sina utani mwingi. Nimechoka kuambiwa "ongea vizuri" na watu ambao kila miaka mitano wanakuja mtaani kuazima mdomo wangu na kuurudisha ukiwa mchafu.

Niseme mapema nagombana na nani. Sigombani na mathe wa mlango wa pili anayelalamika kwamba mtoto wake ameandika insha ya Kiswahili ikajaa "sai" na "ma-boys". Huyo namwelewa, ameona alama na ameona karo. Nagombana na mheshimiwa, na mkubwa wa kampuni, na wale watu wa matangazo wenye ofisi za vioo. Hao Jumatatu wanasema Sheng ni lugha ya wahuni, Ijumaa wameibandika kwenye bango la barabarani ikiuza soda, mkopo na diwani.

Chukua mwaka wa 2002. Gidi Gidi Maji Maji wanatoa Unbwogable. Hilo neno lenyewe ni la kushona: katikati kuna bwogo ya Kijaluo, yaani kutisha, halafu huku na huku limefungwa na Kiingereza. Hakuna mwalimu angelipitisha hilo darasani, angeliwekea mstari mwekundu mpaka karatasi itoboke. Lakini NARC wakalichukua, likaimbwa kila mkutano, KANU ikatoka baada ya miaka 39 na Kibaki akaapishwa tarehe 30 Desemba. Neno la kushona likafika Ikulu.

Sasa angalia shukrani. Serikali hiyo hiyo, Februari 2004, ikaanza kutekeleza sheria za Michuki. Mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 wasizidi: hapo sipingi hata kidogo, watu walikuwa wanakufa kama nzi. Lakini ndani ya furushi hilo wakaingiza mstari wa manjano na kufuta michoro. Mimi bado natafuta ripoti ya ajali iliyosababishwa na rangi. Picha ya rapa kwenye mgongo wa matatu iligonga nani? Walichofuta kilikuwa kazi ya watu: mchoraji, fundi wa kuchomelea, mshonaji wa viti, kijana wa taa na spika. Ukitoka Buru na 58 unaona jasho la watu kumi kabla hujalipa nauli. Ilibidi tungoje mpaka 2014 ndipo Rais Uhuru akasema hadharani kwamba vijana waache kusumbuliwa kwa ajili ya michoro. Miaka kumi bana. Na leo mgeni yeyote maarufu akitua Nairobi, kitu cha kwanza anapandishwa ni nganya, anapigwa picha na makanga, na wakubwa wanasambaza hiyo video kama wao ndio waliochora.

Halafu 2022. Hii ndio iliniuma zaidi kwa sababu niliiona na macho yangu. Exray na Trio Mio na Ssaru walikuwa na Sipangwingwi. Watoto wanaiimba kwenye ngazi za ploti, dobi anaiimba, kila mtu. Ruto na watu wake wa UDA wakaona tamu, wakaigeuza kuwa ya kampeni, "hatupangwingwi" ikaanza kupigiwa kelele jukwaani. Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Elewa mpangilio wa hayo mambo. Neno lilipokuwa letu lilikuwa la kucheza. Likapita mdomoni mwa mwanasiasa, likatoka likiwa ushahidi. Na aliyetakiwa kuchunga ulimi wake baada ya hapo si mwanasiasa, ana mawakili. Ni wewe uliyevaa fulana.

Najua mtu atasema, "lakini msanii alifaidika." Vizuri. Msanii akipata dili aichukue, kodi ya nyumba hailipwi na heshima. Hoja yangu ni kwamba anayelipwa ni mmoja na kinachochukuliwa ni cha wengi. Neno kama hilo halina mwenyewe. Limetoka kwa makanga fulani, likapitia base fulani, likanyooshwa na wasichana wa shule fulani, ndipo likafika stadio. Na jukwaa likishashushwa, hao wote wanabaki na vumbi.

Tena hata huyo mmoja halipwi sana. Mnakumbuka Ethic kutoka Umoja? Walitoa Lamba Lolo 2018, na video haikuhitaji hata kutoka mtaani. Nusu ya kile kilichoitwa Gengetone kilifungua mlango hapo. 2019 wakatoa Tarimbo, na Ezekiel Mutua, wakati huo mkubwa wa bodi ya kuainisha filamu, akataka iondolewe. Tarimbo siitetei. Maneno yake kuhusu wanawake yalikuwa mabaya na dada zetu walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mwaka huo huo wasanii walikuwa wanaanika mitandaoni ujumbe wa simu wa mrabaha: Sh2,530. Kuhusu maadili yao kulikuwa na mkutano wa wanahabari. Kuhusu 2,530 walijitetea wenyewe. Na baadaye Mutua huyo huyo akaenda kuongoza MCSK, chama cha kukusanya mrabaha. Ukiandika hadithi namna hiyo utaambiwa umezidisha chumvi.

Sasa kuhusu hii Sheng yenyewe, maana wengi wanaitukana bila kujua ilikotoka. Kaloleni, Maringo, Bahati, Pumwani, Jericho: hizi nyumba zilijengwa kuweka wafanyakazi Waafrika wa mji wa wakoloni na mji uliofuata. Mjaluo, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, wote kwenye vyumba vilivyobanana, bomba moja la maji, uwanja mmoja. Wazazi wakawa na Kiswahili cha kazini, watoto wakarudi na Kiingereza cha shule, na kwenye uwanja wakahitaji kitu cha kuongea ambacho mzee hatakielewa na ambacho hakimwachi nje rafiki yao kwa sababu ya jina la baba yake. Hiyo ndiyo Sheng. Nchi inayopigana kila uchaguzi juu ya kabila ilikuwa na watoto Eastlands waliotatua hiyo shida wakicheza bano, na badala ya kuwapa zawadi tukawapa viboko. Kalamashaka walitoka Dandora miaka ya tisini na kuonyesha kwamba unaweza kuongea mambo mazito kwa lugha hii. Hadi leo kuna watu wanashangaa kama habari mpya.

Mimi mwenyewe nilienda kuhojiwa kazi mahali fulani, kazi ya kuandika maneno ya matangazo kwa vijana. Mama mmoja aliyekuwa kwenye meza akaona kwenye fomu ninakoishi, akanisikiza dakika tatu, akasema nina "lafudhi ya mtaa" na ingefaa niifanyie kazi. Sikupata. Miezi michache baadaye naona tangazo lao limejaa Sheng, tena Sheng ya 2015, "mambo yako fiti wasee", imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushuka Mutindwa. Wanataka sauti bila mtu. Wangeweza kunilipa angalau nikawaambia hayo maneno yalishazikwa.

Kampuni za simu, benki, wote. Safaricom wana Bonga Points kwa miaka mingi, na bonga hamkuitoa kwenye kamusi ya Oxford. Sina chuki. Nasema tu, kama lugha yangu ni safi kiasi cha kuweka kwenye simu ya kila Mkenya, basi ni safi kiasi cha kuingia nayo ofisini.

Lakini kuna mtego mwingine, na huu ni wetu wenyewe. Tunapenda sana kiongozi anayeongea kama sisi. Tunasikia Sheng na tunalegea. Sonko aliingia bunge kupitia Makadara 2010, akawa seneta 2013, akawa gavana 2017. Hakuna mtu angemwambia hajui mtaa. Alikuwa na cheni, alikuwa na Sonko Rescue Team, maji yanaletwa kwa lori, ambulensi inakuja. Wazee wetu wengi walizikwa kwa msaada wake na sitawacheka waliompenda kwa hilo. Lakini lori la maji si bomba la maji. Mwanzoni mwa 2020 akatia saini kazi kubwa za kaunti ziende kwa serikali ya kitaifa, Desemba Seneti ikamwondoa, na mtungi ukabaki pale pale kwenye foleni. Mtu kuongea lugha yako inakuonyesha tu kwamba ana masikio. Hospitali inahitaji dawa.

Ndio maana 2024 ilinipa moyo, pamoja na uchungu wake wote. Watu walisahau haraka ilianza vipi. Ilianza na kusoma. Mswada wa Fedha ni karatasi iliyoandikwa ili usiisome. Vijana wakaifungua, wakaivunja vipande kwa Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, kila kitu, dakika moja moja kwenye TikTok: hapa mkate utawekewa VAT ya asilimia 16, hapa gari litatozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Shosho ambaye hajawahi kuona gazeti la serikali akaelewa kifungu. Lugha iliyoambiwa haifai mambo ya maana ilifundisha nchi kodi ndani ya wiki chache. Na Anguka Nayo ya Wadagliz ikawa wimbo wa barabarani bila chama kuukodisha. Kwa mara ya kwanza niliona maneno ya mtaa yakifanya kazi ya mtaa.

Tarehe 25 Juni watu wakaingia Bunge, siku iliyofuata Ruto akakataa kutia saini. KNCHR ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa kwenye maandamano ya mwaka huo. Sitaandika hilo kwa haraka ili nifike mahali pengine. Sitini. Baadhi yao ndio walikuwa wanatutafsiria mswada.

Kwa hivyo 2027 ikifika, na iko karibu kuliko unavyodhani, gari lenye spika litaingia kwa mtaa likipiga ngoma yenu. Kuna msanii hapa ataitwa hotelini aulizwe bei. Kaka, dada, chukua pesa ukitaka, lakini taka karatasi: wimbo utatumika mpaka lini, wapi, na jina lako litabaki lako mambo yakichemka. Na usiuze neno, uza wimbo. Wewe ambaye huimbi, uliyeitwa tu kuruka mbele ya jukwaa kwa mia mbili na fulana, ruka ukipenda, halafu muulize mheshimiwa kwa hiyo hiyo Sheng anayoigiza: maji yanakuja siku ngapi kwa wiki huku kwetu, na kwa nini nanunua mtungi wa lita 20 mita chache kutoka kwa bomba la kaunti? Rekodi jibu. Ukiweza kulipata kabla ya muziki kuanza tena, nitumie. Nitaliweka hapa lilivyo, bila kulikata.