Si Pilipili Yako, Shoga!

Mwezi huu nina kisa cha shoga yangu mmoja, mhasibu wa hapa Dar. Mama mkwe wake alikuja kumtembelea kutoka Tunduru baada ya msimu wa korosho. Asubuhi mama yuko freshi, anacheka na wajukuu. Ikifika jioni, hana raha. “Mkwe wangu, chakula cha humu kinaniunguza mdomo.” Shoga yangu akaacha pilipili, akaacha limau. Wapi! Mama bado anaungua.

Hapo ndoa ikaanza kuyumba. Mke akaona anasemwa mapishi, mume akaona mama yake hatunzwi. Wiki ya tatu wakawa wanalala mzungu wa nne.

Siku moja shoga yangu akaketi jikoni na mama, akauliza taratibu: “Mama, haya yalianza lini?” Kumbe ni miaka miwili! Hedhi ilikuwa imekoma, mzee amefariki, tembo nao wameingia shambani. Alipowaambia majirani, wakasema ni mafuta ya maganda ya korosho. Kweli mafuta yale huunguza midomo, lakini kidonda huonekana, halafu hupona. Ulimi wa mama haukuwa na kidonda chochote.

Walipokwenda hospitali, mama akapimwa damu, sukari na kinywa. Kila kitu safi. Daktari akawaeleza kwamba huu ni ugonjwa wa kinywa kuungua, na unawapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Ulimi, hasa ncha yake, midomo na kaakaa huwaka kama umekunywa chai ya moto. Kwa wengi maumivu huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Wengine husikia ladha ya chuma au mdomo kukauka.

Kwa nini? Hedhi ikikoma, mara nyingi kwenye miaka 45 hadi 55, homoni ya estrojeni hushuka. Wataalamu wanaamini hilo, pamoja na msongo wa mawazo, huchangia kuvuruga mishipa ya fahamu ya kinywa, ikapeleka habari za moto wakati moto haupo. Maumivu ni ya kweli, mama hadeki! Kisha maumivu huleta mawazo, mawazo huzidisha maumivu.

Ila usikimbilie kusema ni homoni tu. Upungufu wa damu, ukosefu wa vitamini B12, kisukari, fangasi wa kinywa, meno ya bandia yasiyokaa vizuri na baadhi ya dawa za presha, kama captopril, huweza kuleta hali hiyohiyo. Hivyo lazima apimwe kwanza. Aliye Tunduru aanzie hospitali ya wilaya, ikibidi apewe rufaa ya Songea. Na dawa ya presha asiiache bila kumuuliza daktari!

Nyumbani, anywe maji kidogokidogo, aepuke pilipili, vitu vichachu, tumbaku, pombe na dawa za kusukutua zenye pombe. Bigijii isiyo na sukari huwasaidia wengine. Zipo dawa za kutuliza mishipa anazoweza kuandika daktari, na ushauri nasaha nao husaidia. Huchukua muda, lakini wengi hupata nafuu. Na hii si kansa, wala haiambukizi.

Mama yule bado huungua baadhi ya jioni. Ila sasa analala, na mkwe humpigia simu kila Jumapili kumuuliza hali. Mume naye aliomba radhi, maana yeye hakuwahi kumuuliza mama yake swali hata moja.

Basi wewe na mwenzi wako, kabla ya kununiana, mpigieni mama leo. Akisema mdomo unaungua, msikilizeni hadi mwisho.

Tukutane mwezi ujao!