Ukutani kuna ukungu: Je, uinunue nyumba hiyo?

Msomaji, tuseme umepanga Kaloleni miaka mingi, umeweka akiba katika chama cha ushirika, na sasa wataka nyumba yako mwenyewe. Wakala anakupeleka kuona moja Buruburu au Umoja. Bei iko chini kuliko ya nyumba jirani na rangi ni mpya. Lakini chumba cha nyuma kinanuka kama nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka, na nyuma ya kabati pana madoa meusi. Huo ni ukungu. Je, ununue au uende zako?

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuulizia ukungu, uulizie maji. Ukungu hauoti pakavu. Anayepaka rangi juu ya madoa ameficha dalili tu; maji yakiendelea kuingia, madoa yatarudi mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, nawe utakuwa umekwisha kulipa.

Usidhani hili ni jambo la urembo wa nyumba. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kuwa wanaoishi katika nyumba za aina hiyo wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kuugua pumu. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi rasmi ulibaini mwaka 2022 kwamba kilichomuua ni maradhi ya kupumua yaliyotokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika kwa wenye nyumba.

Maji huingia kwa njia kuu tatu. Kwanza, kutoka juu au ndani ya ukuta: paa lililopasuka, mfereji wa paa ulioziba, bomba linalovuja. Pili, kutoka ardhini. Ile karatasi nyeusi inayolazwa juu ya msingi ikikosekana au ikiharibika, ukuta hunyonya maji kama utambi, na rangi hubambuka karibu na sakafu. Tatu, mvuke wetu wenyewe: wa kupika, wa nguo zinazoanikwa ndani na wa pumzi za watu wengi katika chumba ambacho matundu ya hewa yamezibwa kwa magazeti ili baridi ya Julai isiingie. Katika mitaa yetu ya Eastlands, vyumba vya kupangisha vilivyoongezwa uani mara nyingi huziba madirisha ya nyumba yenyewe.

Ukitaka kujua, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukifunge pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumba, tatizo ni mvuke na hewa. Yakionekana upande wa ukuta, ukuta wenyewe ndio uliolowa. Nenda pia na fundi wako, si wa muuzaji, na uende baada ya mvua.

Ikiwa ni paa, bomba au matundu ya hewa, nyumba hiyo inaweza kununuliwa: pata gharama ya matengenezo kwa maandishi na uipunguze katika bei. Ikiwa maji yanapanda kutoka ardhini, au yanatoka katika ukuta wa jirani usio na mamlaka juu yake, mimi ningeiacha. Na kama nyumbani kwako pana mtoto mwenye pumu, mzee mwenye mapafu dhaifu au mtu ambaye kinga yake imepungua, usihamie kabla ukuta haujakauka, hata kama bei ni ya kutupa.

Wapo pia wanaoambiwa kwamba nyumba ya Kaloleni yenyewe inauzwa. Nyumba hizo za mawe zilijengwa na baraza la mji miaka ya 1940 ziwe za kupangisha, na mwenye mali leo ni Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Mpangaji anayekupokea pesa na kukukabidhi funguo anauza asicho nacho. Paa likivuja hutakuwa na haki ya kumdai yeyote alitengeneze, na kikohozi kitabaki kwa wanao.

Neno la mwisho: usisingizie ukungu kila kikohozi. Kikohozi kilichopita wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu, maradhi ambayo nayo huenea kwa urahisi katika vyumba visivyo na hewa. Nenda kliniki kwanza. Na hati ya nyumba mwachie wakili aisome, lakini ukuta uukague mwenyewe kabla ya kutia sahihi.