GOBORE HALINA NAMBA

Leo naongelea bunduki, na naomba mtu asiwahi kusema mambo ya Umoja wa Mataifa hayatuhusu sisi watu wa Kilosa. Yanatuhusu sana, ila yanatufikia kwa mlango wa nyuma.

Nianze na nyumbani. Baba yangu mdogo analima mahindi kijiji kimoja kati ya Kilosa mjini na Mikumi. Jina la kijiji nalihifadhi, sababu mtaiona wenyewe. Mzee ana gobore. Alilirithi kwa marehemu babu, na babu alitengenezewa na fundi wa kienyeji: bomba la chuma, kitako cha mti, waya wa kufungia. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia, unatia goroli au vipande vya nondo, ndipo unafyatua. Ukikosa, mnyama ana muda wa kutosha wa kukucheka kabla hujashindilia tena. Mahindi yakianza kukomaa mzee analala kwenye dungu shambani. Mchana ni nyani, usiku nguruwe pori, na usiku mwingine tembo anavuka kutoka hifadhini kana kwamba shamba ni lake.

Septemba 2022 serikali ikatangaza msamaha. Mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari, hadi mwisho wa Oktoba, hakuna atakayeshtakiwa. Nikampigia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, za huko?"

"Nzuri. Umelisikia tangazo la silaha?"

"Nimelisikia kwenye redio."

"Sasa si ulipeleke?"

Akanyamaza kidogo. "Nikilipeleka, nguruwe watafukuzwa na redio?"

Hapo nikaishiwa maneno. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye ninayefuatilia mikataba ya kimataifa, na jibu sikuwa nalo. Ndipo nikaanza kujiuliza: hii mikutano yote, miaka yote hii, imemwandikia nini mtu kama huyu?

Tangazo lile halikuota tu Dodoma. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliamua kwamba kila Septemba iwe mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na baadaye ukaongeza muda hadi 2030. Nyuma yake kuna Azimio la Nairobi la tarehe 15 Machi 2000, nchi 10 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo. Kisha Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006. Hiyo itifaki si mchezo. Inazitaka nchi zipige marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha, zitie alama kila silaha inapotengenezwa na inapoingizwa nchini, zitunze kumbukumbu. Kuna hadi kituo chake Nairobi, kinaitwa RECSA. Bunge letu nalo likapitisha sheria mpya ya silaha na risasi mwaka 2015.

Kwa karatasi basi tuko vizuri. Tatizo, karatasi zote hizo zinaijua bunduki yenye namba. Ina kiwanda, ina tarehe, ina mwenye kibali. Ukiiokota porini unasoma namba, unaandika barua, unauliza: hii mlimuuzia nani? Gobore la babu ukiligeuza pande zote hukuti hata herufi moja. Chombo cha Umoja wa Mataifa cha kufuatilia silaha kilichopitishwa mwaka 2005 kinategemea alama toka mwanzo hadi mwisho. Sasa utamfuatilia fundi aliyefariki?

Msije mkadhani naliona gobore ni kijiti cha kuchezea. Limeua watu. Na Kilosa tunajua kuuana. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hesabuni wenyewe: ilikuwa miezi tisa tu baada ya lile Azimio la Nairobi. Mwaka 2008 damu ikamwagika tena wilayani humo. Wengine wanasema ni ukabila, Mkaguru na Mmaasai. Mimi sikubali. Ukikaa na wazee watakueleza habari ya bonde, maji, mipaka ya vijiji isiyoeleweka, na kiongozi anayepokea kitu kidogo kutoka pande zote mbili halafu anawaambia wote kwamba wana haki. Mtu akishaona kituo cha polisi kiko mbali na haki inauzwa, anatafuta cha kujilindia. Akikosa bunduki atatafuta mkuki. Hilo hakuna mkataba unaoligusa, na sijui hata ungeliandika vipi.

Tukija upande wa Mikumi, mambo yanageuka. Huku porini si gobore peke yake. Mwaka 2009 tembo wa Selous na Mikumi walihesabiwa zaidi ya 38,000. Mwaka 2013 wakabaki 13,084. Miaka minne! Tembo wengi kiasi hicho hawaui mtu na goroli. Hapo kuna bunduki za kivita, hizi polisi wetu wanaita SMG, na kuna rifle kubwa za kuwindia, zile za risasi nene. Na rifle nyingine ni halali kabisa: ina kibali, ina mwenyewe mwenye heshima zake mjini, ila usiku inakodishwa. Mtu anapewa bunduki na risasi za kuhesabu, akirudi analeta meno. Itifaki inasema bunduki iandikishwe. Imeandikishwa. Halafu?

Naomba nikae kidogo kwenye risasi, maana hapa ndipo mabishano ya wakubwa yanapotugusa sisi moja kwa moja.

Bunduki ikitunzwa inaishi miaka 50, inarithiwa kama jembe. Risasi ikishalia imekwisha, lazima ununue nyingine. Kwa hiyo ukitaka kuinyamazisha bunduki ambayo imeshazagaa, zuia risasi. Hata mtoto anaelewa. Lakini kwenye meza ya New York neno "risasi" limewagombanisha mabalozi zaidi ya miaka 20. Kile chombo cha mwaka 2005 cha kufuatilia silaha, risasi hazimo. Mkataba wa Biashara ya Silaha uliopitishwa tarehe 2 Aprili 2013 unazigusa kwa nchi inayouza nje, izipime kabla ya kuuza, lakini inapofika kwenye kutunza kumbukumbu ya nani kauziwa, risasi zinaachwa pembeni. Mwaka 2018, katika mkutano wa tatu wa kutathmini ule Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa juu ya silaha ndogo, Marekani ilizikataa aya zenye risasi mpaka ikabidi zipigiwe kura, jambo ambalo si kawaida kwenye vikao vile. Zikapita. Mwishoni mwa 2023 ndipo Baraza Kuu likapitisha mwongozo unaojitegemea wa kusimamia risasi, na wenyewe ni wa hiari.

Sasa mfikirie askari wa wanyamapori kasimama Mikumi pembeni ya mzoga. Kiganjani ana ganda la risasi. Kitakoni mwa ganda mara nyingi kuna alama ya kiwanda, pengine na mwaka. Anajua limetengenezwa wapi. Hajui limepita mikono ya nani hadi kufika pale, na kile chombo cha 2005 hakimsaidii akiuliza. Wakati huohuo yale meno yanajibu! Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya shehena kubwa za pembe zilizokamatwa sehemu mbalimbali duniani, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana ilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Jino la tembo aliyekufa linaeleza kwao. Risasi iliyomuua, iliyotoka kiwandani kwa mashine na vitabu vya mahesabu, haielezi kitu. Hiyo si bahati mbaya, jamani. Watu wazima walikaa mezani wakakubaliana iwe hivyo.

Na walikubalianaje? Turudi Julai 2001, New York, mkutano wa kwanza mkubwa wa silaha ndogo. Nchi za Afrika zilikwenda na madai mawili mazito: wekeni udhibiti wa raia kumiliki silaha, na katazeni kuwauzia silaha makundi yasiyo serikali. Kwetu hayo ni mambo ya chakula na usingizi. Ukikaa Kigoma ukasikiliza Burundi na Kongo zinavyounguruma, huhitaji kufafanuliwa. Siku ya kwanza tu mjumbe wa Marekani, John Bolton, akasema wazi kwamba serikali yake haitakubali lolote linalobana haki ya raia wao kumiliki bunduki. Mikutano ile inaendeshwa kwa maafikiano ya wote, yaani mmoja akikaza shingo wote mnakwama. Usiku wa mwisho Waafrika wakaambiwa chagueni: hati bila madai yenu, au msipate hati kabisa. Wakameza. Mwenyekiti, Mkolombia Camilo Reyes, hakuficha masikitiko yake hadharani, na alieleza kwamba Waafrika walikubali shingo upande.

Walikosea? Zamani nilikuwa nasema walisaliti. Siku hizi sina hakika. Bila hati ile ya 2001 pengine hata Itifaki ya Nairobi isingezaliwa, au ingezaliwa haina nguvu. Na mwaka 2006 walipokutana tena kutathmini, waliondoka mikono mitupu bila hati yoyote. Hicho ndicho kinachotokea kila mtu akikaza. Ila kumbukeni bei iliyolipwa. Yale mawili yaliyofutwa, raia na makundi, ndiyo hasa yanayotembea huku kwetu.

Mwaka 2013 walijifunza. Iran, Syria na Korea Kaskazini zilipozuia maafikiano, mkataba ukapelekwa Baraza Kuu ukapigiwa kura: 154 ndiyo, 3 hapana, 23 zikajizuia. Tanzania ikasaini tarehe 3 Juni 2013, siku ya kwanza kabisa. Safi. Halafu miaka kumi ikapita hatujauridhia. Majirani nao wana vituko: Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha hoja yenyewe mwaka 2006, lakini kalamu zilipotolewa Juni 2013 yenyewe haikusaini. Na Marekani iliyosaini Septemba 2013 ikatangaza mwaka 2019 kwamba inajitoa kwenye saini yake. Tunawacheka, lakini saini isiyoridhiwa nayo ni kama posa isiyo na ndoa, wazee wa binti wanasubiri tu.

Kuna mtu ataniambia, achana na mikataba, ingia vijijini ukusanye kwa nguvu. Tulishajaribu. Oktoba 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza. Ujangili ulikuwa umetisha, nia naielewa. Lakini watu walipigwa, waliteswa, wengine walikufa, mpaka operesheni ikasitishwa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka ule. Mimi naamini kitu kimoja kilichobaki baada ya pale ni woga. Mzee wa kijijini akisikia "leta silaha, hutashtakiwa", masikio yake yanasikia "leta silaha" tu, ile sehemu ya pili inapotelea njiani. Hasa akijua kwamba makosa ya silaha sasa yanaweza kuingizwa kwenye uhujumu uchumi, miaka 20 hadi 30 jela. Kwa gobore la nguruwe!

Halafu kuna upande wa pili wa mizani ambao hausemwi kwenye tangazo. Tembo akimaliza shamba, serikali ina kitu kinaitwa kifuta jasho. Kanuni za 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, na kadiri shamba linavyokaribiana na hifadhi ndivyo unavyopata kidogo. Kwa kanuni zile, ekari moja ya mahindi ilianzia 25,000. Piga hesabu ya mbegu, palizi na usiku wa kwenye dungu. Mimi ningekuwa mjumbe wa Tanzania New York, hiki ndicho ningekipeleka: fedha za wafadhili zinazonunua mashine za kuchonga namba kwenye bunduki za polisi, sehemu yake inunue mizinga ya nyuki, pilipili za kwenye uzio na tochi kali kwa wakulima wa pembeni mwa hifadhi. Anayesalimisha gobore aondoke na kitu mkononi. Naambiwa hiyo ni "maendeleo", si "udhibiti wa silaha", wanaikalia kamati tofauti. Sawa. Lakini nguruwe hajui kamati.

Nilimweleza baba mdogo habari za mkutano wa 2001, jinsi Waafrika walivyoambiwa wachague. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hao mabalozi walilipwa posho ya usiku ule. Nikamwambia bila shaka. Akacheka sana.

Gobore bado analo. Mwezi uliopita amepata pilipili kichaa kwa jirani, amezisaga na oili chafu na kupaka kamba kuzunguka nusu ya shamba, anajaribu. Nusu nyingine anailinda kama alivyozoea. Nimemwomba anipigie mavuno yakiisha, anieleze upande upi umebaki na mahindi.