Usajili wa wapiga kura ufike kituo cha chai

Kaplong, zinapokutana barabara za Kericho, Kisii na Bomet, baiskeli bado inalisha familia. Asubuhi hubeba mitungi ya maziwa iliyofungwa nyuma kwa mpira, baadaye gunia la majani ya chai hadi kituo cha kununulia, huku malori yakimpita mwendeshaji karibu kumgusa. Mzazi mwenye ratiba hiyo si rahisi aache kazi aende ofisi ya eneo bunge kujiandikisha.

Asiambiwe hajali. Wapiga kura wa eneo bunge hili la Sotik ndio waliompeleka Joyce Laboso bungeni mwaka 2008, baada ya dadake, Lorna, kufariki katika ajali ya ndege.

Aliyezembea ni mwingine. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na mapitio ya mipaka yaliyopaswa kukamilika Machi 2024 yakakwama. Vijana waliotimiza miaka 18 kipindi hicho bila kusajiliwa hawana kosa.

Tunaitaka tume ilete mitambo ya usajili kwenye vituo vya chai na masoko, mapema kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.